Kurasa Tatu Zinatosha

Muhogo una hila. Shamba la Kongowe laweza kusimama kijani miezi kumi mfululizo, shina limenyooka, majani yamechanua, na mwenyewe akawa keshahesabu viroba vyake kichwani. (Nasema Kongowe ya Kibaha, ile unayoipita kwenye Barabara ya Morogoro kati ya Maili Moja na Mlandizi, si ile ya upande wa Mbagala, ambayo kila mara huchukua barua na wageni wa mwenzake.) Siku ya kung'oa, kisu kinapozama kwenye muhogo, ndani kumejaa mabaka ya kahawia, makavu, magumu kama kizibo. Huo ndio ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Mama mwenye shamba atakata pande lililooza, atupe, akate tena, atupe, na kilichobaki hakitoshi chungu kimoja.

Sasa tuseme bwana shamba wa kata amezunguka mashamba ishirini msimu huu na daftari lake. Kila shamba amekata mihogo kadhaa, ameandika mingapi imeoza, mbegu ilitoka wapi, ilipandwa mwezi gani. Ameona jambo: mbegu fulani inayopendwa kwa utamu wake inaoza mapema kuliko ile iliyopandwa jirani yake, tena kwenye udongo unaoonekana ule ule. Anampelekea mtu aliyesoma zaidi yake, mhadhiri tuseme, aliyekuja kumtembelea shemeji yake. Mhadhiri anafungua daftari, anatikisa kichwa kwa heshima, kisha anatoa hukumu ambayo nimeisikia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu: "Kazi nzuri, kaka. Lakini haitoshi makala."

Nataka kugombana na sentensi hiyo.

Haisemwi na wapumbavu, ndiyo maana ina nguvu. Inasemwa na watu waliosota kupata shahada zao na wanaojua majarida yanavyokataa. Maana yake ni kwamba makala ya kisayansi ina ukubwa wake wa halali: utangulizi wa kurasa tatu, mapitio ya maandiko, nadharia, sampuli ya mamia, majedwali sita, mjadala mrefu na marejeleo sitini. Kilicho pungufu ya hapo ni makombo. Makala fupi ya kurasa mbili au tatu, yenye swali moja na jedwali moja, ni ya mwanafunzi, au ya mtu aliyeishiwa fedha za utafiti katikati ya safari. Nimewahi kuketi katika kikao cha chuo ambacho sitakitaja, tukijadili nani apande cheo. Mjumbe mmoja alizishika kurasa nne za mwombaji kwa vidole viwili, akazipepea hewani kama mtu anayepoza chai, akasema, "Hii nayo tuihesabu?" Watu wakacheka. Nami nilicheka, nikiri. Mwombaji hakupanda.

Hebu basi tuangalie makala iliyolitangaza jina la Mtanzania duniani kuliko karibu makala nyingine yoyote ya sayansi iliyoandikwa kutoka nchi hii. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kijana wa kidato cha tatu shule ya Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanayaingiza kwenye friji. Siku moja nafasi za friji zilikuwa zikigombaniwa, naye hakusubiri. Akaingiza maziwa yake yakiwa bado moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake aliyeweka ya baridi. Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu wa fizikia akamjibu kwa dhihaka kwamba hiyo labda ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likapata msemo: kila alipokosea hesabu, ilikuwa hesabu ya Mpemba.

Kisha akaja mgeni, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama akauliza swali lile lile. Wenzake waliona aibu kwa niaba yake. Osborne hakuamini, lakini aliahidi kulijaribu, na aliporudi Dar akampa fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi akaleta jibu kwamba maji ya moto kweli yameganda kwanza, ila asiwe na wasiwasi, wataendelea kurudia mpaka wapate matokeo sahihi. Hapo kuna somo zima la falsafa ya sayansi, na halikuhitaji kurasa arobaini.

Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Physics Education. Kichwa chake ni neno moja na alama ya kuuliza: "Cool?" Inaanzia ukurasa wa 172 na kwisha ukurasa wa 175. Sehemu ya kwanza ni Mpemba mwenyewe akisimulia habari ya friji. Ya pili ni Osborne na vipimo. Wakati huo Mpemba alikuwa anasomea uhifadhi wa wanyamapori karibu na Moshi. Hakuwa na shahada ya fizikia, wala hakuitafuta baadaye. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilipoweka zawadi kwa atakayeeleza vizuri kwa nini jambo hilo hutokea, walijibu watu zaidi ya 22,000.

Mpinzani wangu atasema: lakini mwaka 2016 Burridge na Linden walipima upya kwa makini na hawakuona ushahidi wa maana kwamba maji ya moto hufika nyuzi sifuri mapema kuliko ya baridi. Ni kweli. Na mimi nasema huo ndio uzuri wake. Kwa sababu makala ilisema jambo moja, kwa vyombo vinavyopatikana kila mahali, mtu yeyote mwenye friji na kipimajoto aliweza kulipinga. Nusu karne ya ubishi imetoka kwenye kurasa zisizofika tano. Nenda kwenye rafu ya tasnifu za chuo chochote, vuta moja yenye kurasa mia na ishirini, uniambie nani amewahi kuipinga. Mara nyingi hakuna hata aliyeifungua tangu mtahini wa nje aifunge.

Turudi kwenye muhogo, maana hapa ndipo hoja inaponihusu mimi na jirani zangu. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulielezwa kwa mara ya kwanza na H. H. Storey, mtafiti wa kituo cha Amani, milima ya Usambara, mwaka 1936. Aliandika katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki, kurasa chache tu, na kwenye kichwa cha makala yenyewe aliiita taarifa ya maendeleo ya kazi. Taarifa ya kazi isiyokwisha! Leo ingepelekwa mbele ya kamati yetu, mjumbe angeipepea. Storey alishuku kuwa ni kirusi, lakini hakukiona. Kirusi chenyewe hakikutengwa na kutambuliwa mpaka 2001, miaka 65 baadaye. Kwamba nzi weupe ndio wanaokibeba kulionyeshwa kwa majaribio 2005. Mwaka 2009 Deusdedith Mbanzibwa, mtafiti wa Kitanzania, na wenzake wakatoa makala ya kurasa zisizofika kumi ikionyesha kwamba kirusi cha pwani na kirusi cha ukanda wa Ziwa Victoria havifanani. Muda si mrefu vikatambuliwa kuwa spishi mbili.

Angalia mnyororo huo. Hakuna pete hata moja iliyosubiri kuwa nzima. Storey angengoja mpaka akione kirusi ndipo aandike, angekufa bila kuandika, na aliyefuata angeanzia sifuri. Kuna watu wanadhani sayansi hujengwa kwa majabali. Mimi naona inajengwa kama nyumba ya udongo: fito, kamba, tope, mkono wa huyu, mkono wa yule.

Magonjwa ya watu hayajaenda njia tofauti. Tarehe 5 Juni 1981 taarifa ya wiki ya kituo cha magonjwa cha Marekani ilieleza habari ya vijana watano wa Los Angeles waliougua nimonia isiyo ya kawaida. Watano! Kwa mizani ya kikao chetu, sampuli ya watano ni mzaha. Ulimwengu ulikuja kuuita ugonjwa huo UKIMWI. Mwaka 1985 David Serwadda na wenzake wakaandika katika jarida la Lancet juu ya ugonjwa uliokuwa ukiwakondesha watu kusini-magharibi mwa Uganda, na kuuhusisha na kirusi cha UKIMWI, kurasa nne. Na Desemba 1961 daktari wa Australia, William McBride, alipeleka kwa jarida hilo barua ya mistari michache akiuliza kama kuna wengine walioona watoto wenye viungo vilivyodumaa ambao mama zao walimeza dawa ya thalidomide. Barua ile ilisaidia kuwatahadharisha madaktari kuhusu dawa hiyo.

Nisimalizie hapo kuhusu McBride, maana mpinzani mwerevu angenikumbusha. Miaka ya baadaye daktari yule yule alichapisha utafiti kuhusu dawa nyingine, na mwaka 1993 baraza la madaktari la jimbo lake likamkuta na hatia ya kughushi data. Barua fupi ilikuwa ya kweli. Makala yenye sura kamili ya kisayansi ndiyo iliyokuwa na uongo. Sisemi kwamba ufupi huleta ukweli. Nasema kwamba urefu hauleti.

Sasa niwape wapinzani haki yao katika jambo moja zito. Wanasema: ukiruhusu makala fupi, watu watachukua utafiti mmoja wakaukata vipande. Jedwali hili jarida hili, jedwali lile jarida lile, na mwisho wa mwaka mtu ana makala saba na kazi moja. Ni kweli wapo. Ni sawa na kuchinja kuku mmoja, ukapeleka paja kwa shangazi, kidari kwa mjomba, shingo kwa mkwe, na kila mmoja ukamwambia umemchinjia kuku. Lakini ugonjwa huo umetoka wapi? Umetoka kwenye kuhesabu. Mtu anayepandishwa cheo kwa idadi ya makala atakata kuku. Ukimpandisha kwa idadi ya kurasa, atamwaga maji kwenye mchuzi. Wizara ya Elimu nayo siku hizi inatoa tuzo za fedha kwa wahadhiri wanaochapisha kwenye majarida makubwa ya kimataifa. Sina ugomvi na mtu kupewa fedha. Ila nashangaa tunavyozidi kuangalia jina la jarida na unene wa makala, huku swali la nani amejua nini kwa kuisoma likikosa kiti.

Tofauti ya makala fupi ya haki na kipande cha kuku si ngumu. Kipande hakiwezi kuliwa peke yake: ukikisoma unahisi kuna kitu kimefichwa, na mbinu zinakuelekeza kwenye makala nyingine ambayo "inakuja". Makala fupi ya haki ina swali lake lote na jibu lake lote. Daftari la bwana shamba wa Kongowe ni kuku mzima. Ni mdogo, wa kienyeji, lakini mzima.

Kuna wanaosema pia kwamba fupi ni rahisi, kwamba ni kimbilio la wavivu. Hawa hawajawahi kuiandika. Mtu anayeandika makala ndefu ana mahali pa kujificha. Akiwa hana hakika na matokeo, huongeza aya ya nadharia. Akiwa hajui kwa nini alichagua mashamba yale, hutaja wataalamu wanane waliochagua kama yeye. Na utangulizi! Nimesoma tasnifu kadhaa za muhogo, na karibu zote huanza kwa kutufahamisha kwamba muhogo ni zao muhimu la chakula kusini mwa Sahara, linastahimili ukame, na hulimwa na wakulima wadogo. Anayesoma jarida la magonjwa ya mimea hajui hilo? Bibi yangu alilijua, na hakwenda shule. Kwenye makala ya maneno 1,500 aya hiyo haina pa kukaa. Unaanza na kilichokusumbua: mbegu hii inaoza, ile haiozi, hatukujua kwa kiasi gani, tukapima.

Halafu mbinu, na hapa ndipo wengi hukosea wakidhani kufupisha ni kukata kila mahali sawasawa. Mbinu hazikatwi. Zinaandikwa kwa maneno machache lakini hazikosi kitu: kijiji gani, mwezi gani, umri wa muhogo ulipong'olewa, nani alikata, kila muhogo ulikatwa mara ngapi, uozo ulipimwaje, mashamba yalichaguliwaje, na mangapi wenyewe walikataa. Jina la mbegu liandikwe kama wakulima wanavyolitaja na kama kituo cha utafiti kinavyolitaja, kwa sababu Kiroba ya huku yaweza kuwa si Kiroba ya kule. Kinachokatwa ni utangulizi na mjadala. Jedwali liwe moja. Picha iwe moja, na iwe ya muhogo uliopasuliwa, si ya mtafiti akimpa mkono mwenyekiti wa kijiji. Kisha iwepo ile sentensi inayowatia watu hofu, ya mambo ambayo hatukuyapima. Kwenye makala ndefu huzikwa ukurasa wa ishirini na mbili. Kwenye fupi inakaa mwangani.

Hapa sipingi kwamba sampuli ndogo inaweza kupotosha. Inaweza, tena sana. Mashamba ishirini ya kata moja hayasemi chochote kuhusu Mtwara. Lakini dawa yake ni kudai kidogo. Hatari ipo kwenye makala fupi yenye dai refu, inayopima Kongowe na kuhitimisha Afrika. Hiyo mhariri aitupe bila huruma.

Fikiria ni mambo mangapi ya ukanda huu yana ukubwa wa kurasa tatu tu. Hapa Kibaha kuna kiwanda kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba, kikafunguliwa 2015, cha kutengeneza dawa ya kibayolojia ya kuua viluwiluwi vya mbu. Mwaka 2017 Rais Magufuli aliagiza halmashauri ziinunue. Baada ya hapo, swali linalomhusu bwana afya wa kata yoyote ni dogo na la wazi: katika madimbwi ya kwetu, dawa ikinyunyizwa leo, viluwiluwi hurudi siku ya ngapi? Mvua ikinyesha katikati, je? Kuhesabu viluwiluwi kunahitaji chombo cha kuchotea, daftari na wiki kadhaa za uvumilivu. Halmashauri nyingine ikisoma ingejua kununua kiasi gani. Hospitali ya Tumbi, kando ya barabara ile ile, kwa miaka imepokea majeruhi wa ajali za Barabara ya Morogoro. Daktari aliyeona jeraha la ajabu na kulitibu kwa njia ambayo vitabu havikumfundisha anaweza kuwaambia wenzake kwa kurasa mbili. Akingoja mpaka awe na wagonjwa mia tatu, atastaafu.

Na kwa upande wa Kisarawe kuna misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, iliyoliwa na mkaa wa Dar es Salaam mpaka mtu anajiuliza kimebaki nini. Ndani yake yuko komba mdogo wa Rondo, mnyama ambaye dunia ya sayansi ilimtambua rasmi miaka ya 1990, na ambaye hutofautishwa na ndugu zake kwa mlio wake usiku. Mtu aliyekaa msituni usiku mmoja na kinasa sauti, akaandika tarehe, mahali, saa na mlio, ana taarifa ambayo baada ya miaka ishirini itakuwa ushahidi: usiku huo alikuwepo. Hii si desturi ngeni kwetu. Jarida la Tanganyika Notes and Records lilianza 1936, mwaka ule ule wa taarifa ya Storey, na jina lake lenyewe lilitangaza kwamba linapokea vijitaarifa. Waliochangia wengi walikuwa maofisa wa kikoloni wenye macho ya kikoloni, na mengi waliyoandika yanachefua. Lakini waliandika walichokiona siku walipokiona. Sisi tuliobaki na nchi tumejifunza kusubiri ruzuku.

Kuna suala la fedha pia, nalo nitalipitia haraka kwa sababu linauma na halina utata. Majarida mengi yanayosomwa bure hutoza mwandishi, na ada zake ni mshahara wa miezi. Baadhi hutoza taarifa fupi ada ndogo zaidi. Majarida ya nyumbani hutoza kidogo au hayatozi kabisa. Mpitiaji naye anaimaliza makala ya kurasa tatu jioni moja, wakati ile ya arobaini inakaa mezani kwake miezi sita, kisha anaikataa kwa sababu ya marejeleo.

Na lugha. Makala itatoka kwa Kiingereza, hilo sitadanganya. Lakini kurasa tatu unaweza kuzigeuza Kiswahili siku hiyo hiyo na kuzirudisha kwa mama aliyekuruhusu ukate mihogo yake. Tasnifu ya kurasa mia na ishirini hajawahi kurudishiwa mkulima yeyote, isipokuwa ikiwa ya kufungia vitumbua.

Kwa hiyo, kaka bwana shamba, mhadhiri akishaondoka, kaa chini ya mwembe na daftari lako. Andika kichwa cha habari kinachosema mbegu zipi, ugonjwa gani, Kongowe, mwaka gani. Sentensi ya kwanza iseme ulichotaka kujua. Weka jedwali lako la mashamba ishirini, hata yale mawili yaliyokuharibia picha. Mwisho kabisa andika: hatukupima udongo. Kisha itume, na kama yuko mwenzako Kisarawe mwenye daftari kama lako, mpelekee nakala. Udongo atapima yeye.